Kwa Nini Wauguzi Hawatoshi Karatu na Ngorongoro



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalogusa kila nyumba yenye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa. Nataka kuzungumza juu ya wauguzi, yaani wale ambao wengi wetu huwaita manesi. Watu wa Karatu na wa Ngorongoro huuliza mara nyingi, "Zahanati imekwisha jengwa na dawa zimeletwa, mbona mwuguzi ni mmoja tu?" Wengine huuliza swali la pili, nalo ni gumu zaidi: "Twaambiwa wauguzi hawatoshi, mbona binti wa jirani amehitimu chuo cha uuguzi, na mwaka wa pili sasa yuko nyumbani hana kazi?" Maswali haya yaonekana kupingana, walakini yote mawili ni ya kweli. Mtu akielewa jinsi yanavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, amekwisha elewa sehemu kubwa ya habari hii.

Ili tusichanganye mambo, yatupasa kutenga maneno matatu. La kwanza ni haja, maana yake kazi yote ya uuguzi ambayo watu wanaihitaji, hata kama hakuna wa kuilipia. La pili ni nafasi za kazi, maana yake idadi ya wauguzi ambao mwajiri anaweza kuwaajiri na kuwalipa mshahara kila mwezi. La tatu ni wauguzi waliopo, maana yake wale waliosoma, wenye leseni, na walio tayari kufanya kazi mahali fulani. Fikirini mnadani. Mtu mwenye njaa asiye na fedha ana haja ya mahindi, lakini si mnunuzi. Mwenye mahindi atarudi nyumbani na magunia yake, na mwenye njaa atarudi na njaa yake, ingawa walipita bega kwa bega. Hivyo ndivyo ilivyo kwa binti yule aliyehitimu na zahanati ile yenye mwuguzi mmoja. Mwenye kukosekana kati yao ni mwajiri.

Haja inavyokua

Tuanze na haja. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2012, Wilaya ya Karatu ilikuwa na watu 230,166, na Wilaya ya Ngorongoro ilikuwa na watu 174,278. Katika hesabu ya mwaka wa 2022, Karatu ilikuwa na watu 280,454, na Ngorongoro watu 273,549. Basi kwa miaka kumi Karatu iliongezeka watu zaidi ya 50,000, na Ngorongoro ikaongezeka watu wapatao 99,000. Kwa maneno mengine, kwa kila watu 100 waliokuwapo Ngorongoro mwaka wa 2012, waliongezeka wengine 57. Idadi ya wauguzi ikibaki ile ile, kila mwuguzi hubebeshwa mzigo wa watu wengi zaidi, ijapokuwa hakuna aliyeondoka.

Lakini hesabu ya vichwa peke yake hudanganya. Wilaya ya Karatu ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 3,300, na Ngorongoro zipatazo 14,000. Katika kilomita moja ya mraba ya Karatu mna watu wapatao 85. Katika Ngorongoro hawafiki 20. Mwuguzi aliyeko Rhotia au Endamarariek huweza kufikiwa kwa miguu na watu wengi. Mwuguzi aliyeko Kakesio au Nayobi ana watu wachache karibu naye, na wengine wako mbali, ng'ambo ya makorongo na mbuga. Kwa sababu hiyo watu 10,000 wa Ngorongoro wanahitaji vituo vingi kuliko watu 10,000 wa Karatu, na kila kituo lazima kiwe na mtu. Mkigawa wauguzi sawasawa kwa idadi ya watu, mtu wa mbugani atapata pungufu.

Tena kuna hesabu ya saa, ambayo watu wengi huisahau. Juma moja lina saa 168. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka wa 2004 yasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Gawanyeni 168 kwa 45, nanyi mtaona kwamba ili mwuguzi mmoja tu awepo kituoni usiku na mchana, wanahitajika karibu wauguzi wanne. Na hapo hatujahesabu likizo ya siku 28 kila mwaka, wala likizo ya uzazi ya siku 84, wala semina, wala homa ya mwuguzi mwenyewe. Mtoto hangoji saa mbili asubuhi ndipo azaliwe. Kwa hiyo zahanati yenye mwuguzi mmoja au wawili, hata wakiwa hodari namna gani, kuna saa ambazo mlango utafungwa, ama kuna mtu atakayefanya kazi bila ya usingizi. Mtu asiyelala hukosea vipimo vya dawa, na baada ya miaka michache huomba uhamisho.

Jambo jingine linaloongeza haja ni maendeleo yenyewe. Mwaka wa 2007 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliokusudiwa kufika mwaka wa 2017, nao uliazimia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi walichanga mawe, mchanga na nguvu zao. Nia hiyo ilikuwa njema, walakini jengo hujengwa kwa miezi, na mwuguzi hufundishwa kwa miaka. Mwaka wa 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mtu mwenye bima haogopi tena gharama, basi huja kituoni mapema, naye huja mara nyingi zaidi. Hata wahudumu wa afya wa jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa mwezi wa Januari mwaka wa 2024, kwanza huzidisha kazi ya mwuguzi, kwa maana wakipita nyumba kwa nyumba huwagundua wajawazito na wagonjwa ambao wangekaa kimya, nao huwaelekeza kituoni. Jambo hili ni jema, lakini yafaa tulijue ili tusishangae foleni zikirefuka.

Nafasi za kazi hutoka wapi

Sasa tutazame nafasi za kazi. Katika nchi yetu mwajiri mkubwa wa wauguzi ni Serikali. Halmashauri ya wilaya huweza kuorodhesha upungufu wake kwa uangalifu kabisa, lakini haiwezi kuajiri mpaka kibali kitoke na fedha ya mishahara iwe imetengwa. Kwa hiyo idadi ya wauguzi wanaoajiriwa mwaka huu hutegemea mfuko wa Serikali, wala haifuati idadi ya wagonjwa wa mwaka huu.

Historia yatufundisha jambo hili waziwazi. Mwaka wa 1993, katika siku za masharti magumu ya uchumi, Serikali ilisimamisha ajira mpya, na kwa miaka kadhaa vyuo viliendelea kutoa wahitimu ambao wengi wao hawakupata mahali pa kufanya kazi. Wazee waliokuwa kazini walizeeka, wengine wakastaafu, na vijana wa kushika nafasi zao hawakuwapo. Pengo kama hilo halizibwi kwa siku moja, kwa sababu pamoja na watu hukosekana uzoefu: mwuguzi mkongwe humfundisha kijana mambo yasiyoandikwa katika kitabu. Mwaka wa 2016 ajira zilisimama tena wakati watumishi walipokuwa wakihakikiwa, na mwaka wa 2017 ilitangazwa kwamba watumishi 9,932 wa Serikali, wa idara mbalimbali, walikutwa na vyeti vya kughushi. Hakuna atakayetaka kuuguzwa na mtu mwenye cheti cha uwongo. Hata hivyo, siku mtumishi wa afya anapoondolewa, kazi yake haiondoki pamoja naye.

Mwajiri wa pili ni makanisa. Katika wilaya hizi mbili jambo hili lina uzito wa pekee. Hospitali ya Wasso, huko Loliondo, ilianzishwa katika miaka ya 1960 na Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria. Hospitali ya Endulen, iliyomo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, nayo ni ya Kanisa Katoliki. Karatu mjini kuna hospitali ya Kilutheri. Vilevile Karatu kuna hospitali ya FAME, iliyofungua kliniki yake mwaka wa 2008 kwa msaada wa wafadhili kutoka Marekani. Wasafiri wengi hudhani kwamba hospitali zote hizo ni mali ya Serikali, kumbe kila moja ina mwajiri wake, mshahara wake na masharti yake.

Waajiri wakiwa wengi, wauguzi huchagua. Mwaka wa 2006 Serikali ilipandisha mishahara ya watumishi wa afya, na hospitali za makanisa zikaona wauguzi wao wakitoka mmoja mmoja kwenda serikalini. Utafiti uliofanywa katika Wilaya ya Mbulu, jirani ya Karatu, na kuchapishwa mwaka wa 2012, uliuliza kwa nini watumishi wa afya wa mashambani huipenda kazi ya Serikali. Jibu kubwa lilikuwa pensheni. Mwuguzi hutazama zaidi ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Hutazama pia siku atakapofika miaka 60, atakula nini. Yatupasa kumbuka neno hili, kwa maana lafundisha kwamba hospitali yaweza kuwa na vitanda safi na vyombo vizuri, ikampoteza mwuguzi kwa sababu ya jambo litakalotokea miaka 30 mbele. Lafundisha pia kwamba mshahara ukipanda upande mmoja tu, wauguzi hawaongezeki katika nchi, huhama tu. Kituo kimoja hushangilia, na kingine, pengine katika wilaya ile ile, hubaki na chumba kisicho na mtu.

Wauguzi waliopo

Neno la tatu ni wauguzi waliopo. Mwuguzi hapatikani kwa tangazo. Kijana humaliza kidato cha nne, na ili aingie chuoni lazima awe amefaulu masomo ya sayansi, hasa Baiolojia na Kemia. Kisha husoma miaka miwili kwa cheti, au mitatu kwa stashahada. Wanaosoma shahada hukaa chuo kikuu miaka minne, na baadaye hufanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Baada ya hapo Baraza la Uuguzi na Ukunga huwapa leseni. Wakulima wa Oldeani watalielewa jambo hili upesi: mti wa kahawa uliopandwa mwaka huu hautoi buni mwaka huu, na asiyepanda sasa kwa sababu bei ni ndogo atajuta siku bei itakapopanda. Vivyo hivyo vijana wakiona wahitimu wamekaa bila kazi, huacha uuguzi na kusomea mambo mengine. Na miaka minne baadaye, kibali kikitoka, watu hawapo.

Chanzo chenyewe cha wauguzi kiko shule za sekondari. Shule isiyo na mwalimu wa Kemia haiwezi kumtoa mwuguzi, hata kama binti ana moyo wa huruma na akili nyepesi. Katika familia za wafugaji binti akiozwa kabla ya kumaliza kidato cha nne, kijiji kimepoteza mwuguzi ambaye hakijawahi kumwona. Kwa hiyo upungufu wa wauguzi wa Ngorongoro mwaka huu ulianza zamani, katika madarasa ambayo viti vya wasichana vilikuwa vitupu.

Nao waliohitimu si lazima wakubali kwenda kila mahali. Mwuguzi ni mtu kama sisi. Ana mume au mke, ana watoto wa kusomesha, ana wazazi wanaomtegemea. Mji wa Karatu uko juu ya barabara ya lami itokayo Arusha hadi lango la hifadhi. Una maduka, shule na benki. Katika Tarafa ya Ngorongoro hali ni nyingine. Ukulima umekatazwa ndani ya hifadhi, basi hata mboga na unga lazima vinunuliwe kutoka nje. Kijiji kikitaka kumjengea mwuguzi nyumba, lazima kwanza kiombe ruhusa. Usiku kuna nyati na tembo njiani. Huko Loliondo na Sale, lami ya kilomita 49 kati ya Wasso na Sale imepunguza taabu, ingawa sehemu kubwa ya wilaya bado hutegemea njia za vumbi na matope.

Pia kuna lugha. Katika wilaya hizi husemwa Kiiraki, Kimasai, Kisonjo, Kibarbaig, na Kihadza karibu na Ziwa Eyasi. Mama asiyejua Kiswahili vizuri, akimkuta mwuguzi asiyejua lugha yake, hueleza ugonjwa wake kupitia kwa mtoto wake au shemeji yake, na mambo mengine huyaficha kwa aibu. Mwuguzi huyo hufanya kazi mara mbili, na matokeo yake ni nusu. Basi mwuguzi mmoja aijuaye lugha ya watu ana thamani zaidi ya yule ajapo na mkalimani. Jambo hili halionekani katika vitabu vya hesabu, lakini kila mkunga alijua.

Jambo la pekee la Ngorongoro

Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka wa 1959, yenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Tangu mwaka wa 2022 Serikali imekuwa ikiwahamisha wakazi wa hifadhi kwenda Msomera, katika Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga. Serikali imesema kwamba kuhama ni kwa hiari. Wakazi wengi wamepinga. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka wa 2024, lilieleza kwamba huduma katika hospitali ya Endulen zilipunguzwa. Kila mtu ana maoni yake juu ya jambo hilo, wala si kazi ya mazungumzo haya kulihukumu. Lakini kwa habari ya wauguzi lina fundisho lisiloepukika. Nafasi ya kazi huweza kupungua huku haja ikibaki pale pale. Mama aliye na mimba ya miezi minane hapunguki ugonjwa kwa sababu kituo kimepunguziwa watumishi; anachoongezewa ni mwendo. Nako Msomera, wageni wakiongezeka, wauguzi lazima waongezeke pia. Kila uamuzi juu ya ardhi ni uamuzi juu ya wauguzi, hata kama neno uuguzi halikuandikwa ndani yake.

Nchi nyingine

Msidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa ya mwaka wa 2025, lilihesabu wauguzi milioni 29.8 ulimwenguni katika mwaka wa 2023, na upungufu wa milioni 5.8. Karibu wauguzi 78 katika kila 100 walikuwa katika nchi zenye nusu tu ya watu wa dunia. Nchi tajiri zina wazee wengi, nazo hutafuta wauguzi kila pembe. Mwaka wa 2023 Shirika hilo liliiandika Tanzania katika orodha ya nchi 55 ambazo wauguzi na waganga wake wasiwindwe na waajiri wa nje. Mwuguzi mwenyewe ana haki ya kusafiri akitaka. Ila nchi iliyomfundisha na kumwacha bila kazi haiwezi kumlaumu akiitwa kwingine akaitika.

Yanayoweza kufanywa

Basi, tufanye nini? Mkifuata hesabu tuliyoifanya, mtaona kwamba dawa moja haitoshi. Kuongeza vyuo bila ya kuongeza vibali vya ajira ni kuongeza wahitimu wakaao nyumbani. Kuongeza vibali bila ya nyumba na maji ni kuwaita watu watakaoripoti Jumatatu na kuomba uhamisho Ijumaa. Kujenga nyumba bila ya kusomesha binti za mahali hapo ni kungoja wageni daima.

Mambo makubwa ni ya Serikali: ajira itolewe kila mwaka kwa kipimo kinachojulikana, ili vijana na vyuo wajue la kutazamia, na vituo vya mbali vihesabiwe kwa umbali pamoja na idadi ya watu. Hospitali za makanisa nazo zitazame pensheni ya watumishi wao kwa macho yale yale wanayoitazamia mishahara. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwa kijiji. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka wa 2021 juu ya watumishi wa mashambani, lilisisitiza kwamba wanafunzi waliozaliwa mashambani wapewe nafasi vyuoni, kwa sababu hao ndio walio tayari zaidi kufanya kazi huko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijiji kinachotaka mwuguzi miaka sita ijayo kianze leo kwa kumtazama binti aliye kidato cha pili: je, ana mwalimu wa sayansi? Ana taa ya kusomea? Baba yake amekwisha pokea ng'ombe wa mtu?

Na yule mwuguzi aliyepo sasa, msimwache peke yake. Mpeni nyumba yenye mlango unaofungwa, mtekeeni maji wakati wa kiangazi, na akiitwa usiku, aende na watu wawili wenye taa. Mambo hayo hayahitaji kibali cha Dodoma, nayo pengine ndiyo yatakayomfanya abaki mwaka mmoja zaidi. Na katika mwaka huo mmoja watazaliwa watoto wengi.